Siku ya Arobaini na Moja Benchini

Ojas, mdogo wangu,
umenitumia barua ya ajira, picha sita, ya mwisho imepinda,
ukauliza: dada, nisaini?

Nakujibu kutoka kantini ya ghorofa ya tatu, Hinjewadi.
Mvua ya Julai inapiga vioo,
mbele yangu chai ya mashine, tamu kama dawa ya kikohozi.
Leo natimiza siku arobaini na moja benchini.
Usicheke. Benchi si kiti.
Benchi ni kulipwa bila mradi,
kufika saa tatu, kugusisha kadi mlangoni, taa ikawaka kijani,
kisha kutafuta mahali pa kukaa
usionekane umekaa.

Tuanze na baba.
Mtoto wa jicho aliondolewa kwa bima ya kampuni hii.
Mama hakuuza hata bangili moja.
Mshahara huingia tarehe thelathini, mvua au jua;
Februari huwahi, huingia ishirini na nane.
Kabla hujasikiliza la mtu yeyote, nami nikiwemo,
nenda kamtazame baba akisoma gazeti.

Nilifundishwa kazi, ndiyo. Au tuseme nilisukumwa majini.
Ijumaa jioni Bwana Gokhale aliniambia:
"Mteja ameahidiwa mtaalamu wa miaka mitatu. Ni wewe."
Lugha yenyewe ya kompyuta sikuwahi kuiona hata kwa jirani.
Jumatatu nikawa mtaalamu.
Macho mekundu, lakini mtaalamu.
Kufikia Diwali nilikuwa mtaalamu kweli,
na hilo ndilo linalonitisha: uongo ule uliiva.

Wakanipeleka Eindhoven, Januari, na koti la kuazima,
mikono yake ikinifika kwenye kucha.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
ndiyo biashara yetu yote, tumeibandika nembo tu.
Ila mgeni huyu jembe alipewa siku ya kwanza,
na jina hakupewa.
Kwenye karatasi zao niliandikwa Rasilimali Namba Tatu.
Marijke wa stoo peke yake alijaribu:
Mrun... Mrunma...
akakata tamaa, akaniletea keki ya tufaha.
Siku moja niliona ankara kwenye printa.
Saa yangu moja waliinunua kwa pesa
ninazozipata kwa siku mbili.
Niliirudisha karatasi kifudifudi.

Tuko watu laki tatu humu, Ojas.
Ukifiwa, mfumo unatuma barua pepe ya pole;
ukipanda cheo, ya pongezi;
mtumaji ni yule yule.
Lakini katika laki tatu hao nilimpata Sharvari,
niliyekesha naye usiku hifadhidata ilipozimia,
tukigawana biskuti za pakiti moja,
tukiongea na Ohio kwa sauti za watu waliolala vizuri.
Alfajiri mfumo ukapumua.
Hakuna aliyetupigia makofi. Tukajipigia.
Aliacha kazi Machi.
Kwenye kiti chake sasa kuna kijana mwenye spika masikioni.
Sijui jina lake.
Unaona?

Basi, nisaini, dada?
Piga tena picha ile iliyopinda.
Ukurasa wa sita, pale kwenye notisi ya siku tisini,
herufi ndogo kama siafu.
Nataka kuona kama wamebadili neno lolote
tangu niliposaini mimi bila kusoma.

Ngoja. Simu inatetemeka. Ni Gokhale:
kuna benki huko Leeds,
na nina uzoefu wa miaka mitano, anasema,
katika kitu ambacho ndiyo kwanza nakisikia.

Nakwenda kunawa uso.
Nipigie Jumapili,
kabla Leeds haijaamka.