Mlango wa Darasa la Tatu

Tuliung'oa bawaba kwa bawaba,
Wilfrido na bisibisi, mimi nimeuzuia kwa kifua,
mlango wa darasa la tatu, shule ya Puerto Abrego,
maana meya alisema picha wamezichoka.
Picha tumewapelekea miaka minne.
Picha haina uzito. Mlango utawachosha mikono.

Juu yake walimu wameandika kwa penseli,
kama mama apimavyo kimo cha mwanawe:
Agosti, hapa. Novemba, hapa.
Mwaka aliozama Eulalia, hapa.
Mstari wa juu kabisa hauna tarehe,
kwa sababu aliyeuchora alisimama ndani ya mtumbwi
na penseli ikamponyoka.

Basi lilitupandisha milima kwa saa kumi na sita.
Kondakta alitutoza nauli ya watu wanne.
"Huyu wa nne hali wala hatapiki," Wilfrido akamwambia,
akalipa hivyo hivyo.
Bogota ina baridi ya kuuma meno;
Meya Nubia, mtoto wa nchi ya joto,
alivaa soksi mbili mbili
ndani ya viatu alivyoazima kwa dada yake.

Wizarani mlinzi alisoma daftari, kisha akatusoma sisi.
Mlango, akasema, hauruhusiwi kupita mlangoni.
Hakucheka. Tuliocheka ni sisi,
kicheko cha watu wasiolala,
mpaka akaona haya, akatufungulia lango la magari.

Ghorofa ya sita. Msaidizi wa Mkurugenzi,
kijana mpole, kalamu tatu mfukoni,
akauliza kama tuna fomu ya tathmini.
Tunayo. Kama ina muhuri wa mkoa.
Unao. Kama ni fomu ya mwaka huu.
Hapo meya akanyamaza.
Fomu ya mwaka huu ilitoka Jumatatu, nasi tuko njiani.
Kisha akasema: "Simama, mwanangu."
Akasimama, sijui kwa nini; labda ana mama.
Tukauegemeza mlango ukutani, kando yake.
Agosti ikamfika magotini. Novemba, kiunoni.
Mwaka wa Eulalia ukakata fundo la tai.
Ule usio na tarehe ulimpita kichwa kwa shubiri,
na chembe za tope kavu
zikadondoka kwenye zulia la serikali.

Akalitazama tope. Muda mrefu.
Nikadhani atasema neno.
Akasema, "Mtauacha hapa kama kielelezo?"
"Hapana," akajibu meya. "Darasa liko wazi, mbuzi wanaingia."
Akagonga muhuri: IMEPOKELEWA.
Ulikuwa muhuri mzuri, kusema kweli, wa zambarau.

Kwenye kumbukumbu za baraza nimeandika
kwamba ujumbe ulipokewa kwa heshima.
Sikuandika kwamba katika basi la kurudi
meya alilala amekumbatia kitasa,
wala kwamba tuta letu la magunia,
pale nyuma ya banda la nguruwe,
tulilikuta linatiririka.

Watoto waliuliza serikali imetoa kiasi gani.
Meya akaomba penseli. Akachuchumaa,
akapiga mstari chini kabisa, usawa wa unyayo,
akaandika tarehe ya safari yetu.

Mlango ukakataa kufunga.
Ulikuwa umevimba kwa ukungu wa Bogota.
Wilfrido akaleta randa, akaanza kuupunguza ukingoni,
taratibu,
akiikwepa mistari.