Saa Nne na Dakika Kumi

Ollerenshaw na Wanawe, Coventry,
hawakuweka chochote. Walitengeneza, wakauza,
wakafunga hesabu. Kilichosalia ni madaftari ya mauzo,
nusu yameungua vitani,
na mimi, Mwanakheri, niliyeajiriwa
kuinunua upya jana yao.

Juzi, mnadani, tulilipa pauni elfu arobaini
kwa saa tuliyoiuza wenyewe kwa kumi na mbili.
Mkurugenzi alipiga makofi.
Nilitia sahihi.

Ndani ya kifuniko, kwa ncha ya sindano,
fundi alikwaruza herufi mbili: H.K.
Nimemtafuta daftarini. Wanunuzi wote wamo,
hata yule mama wa Leamington aliyeirudisha mara tatu
akidai inachelewa.
H.K. hayumo.

Kabatini akrabu zote zimesimamishwa pamoja,
kwao saa kumi na dakika kumi, kwangu saa nne.
Eti hivyo uso hutabasamu.

Leo nimekiuka utaratibu.
Nimeitia ufunguo ile ya H.K.,
nikaiacha itembee hadi chakula cha mchana.
Imechelewa dakika mbili. Yule mama hakusema uongo.

Kwenye kadi, penye Mmiliki wa Kwanza,
nimeandika kwa penseli:
aliyeikwaruza.