Kenya, kwa Miguu

Siku ya tatu Lubumbashi, na bado napapasa ukuta
nikitafuta swichi ya bafu.
Mhadhiri hata akikohoa, anakohoa Kifaransa.
Wenzangu wakicheka, nacheka,
nimechelewa kidogo.

Mama Mwewa, mwenye nyumba, anagonga:
"Kuya tukule bukari."
Bukari? Nafunua sahani. Kumbe sima,
sima yetu ileile!
Anauliza mbona nalia. Nasingizia pilipili,
na mezani hapana pilipili.

Alhamisi nilihitaji ndoo.
Stendi wanaita, "Kenya! Kenya!"
Moyo ukaruka, miguu ikagoma.
Ni mtaa tu, kumbe, ng'ambo ya reli,
una soko, una vumbi jekundu, una ndoo za kijani.
Nikaenda kwa miguu, nikabishana bei, nikarudi
ndoo kichwani.

Jioni mama anapiga kutoka Wundanyi.
Kwake giza limeshaingia;
kwangu jua bado linachungulia
juu ya kilima cheusi cha mabaki ya shaba.
"Leo nimefika Kenya," namwambia, "nimenunua ndoo."
Kimya.
Kisha: "Mwanangu, huko unakula kweli?"

Nakula, mama.
Na kuanzia leo, naoga.