Leseni Nne

Mashine zetu tulizipa majina ya mito:
Rioni, Alazani, Aragvi, Ktsia,
na ile kongwe, mtunza leseni, tukaiita Enguri.
Zawadi kutoka Karlsruhe. Zilifika zimeviringishwa
magazeti ya Kijerumani, ambayo Lamara
aliyanyoosha kwa kiganja, akayasoma hadi matangazo ya vifo.

Mashine tano, leseni nne,
wahandisi wa mabwawa kumi na mmoja.
Hesabu hiyo hata mtoto anajua itaishia wapi.

Tbilisi, Januari. Umeme huja saa nane usiku
na huondoka kabla hatujaamua la kuufanyia.
Nodar hulala ofisini ndani ya koti,
viatu miguuni, kama msafiri wa treni isiyo na ratiba.
Taa ikipepesa tu, yuko kwenye kibodi.
Anaingia kama mzizi:
ndivyo Yuniksi inavyomwita mwenye ruhusa zote.
Si mfalme, si mkuu. Mzizi,
kitu cha chini, chenye udongo.
Nililipenda neno hilo kuliko nilivyoipenda kazi.

Kanda inazunguka, inasaga
kama mzee anayetafuna njugu kwa meno ya bandia.
Faili haikupatikana. Faili haikupatikana.
Kumbe diski ya Rioni hakuiunga na mtandao.
Anatukana kwa Kimegreli, lugha ya mama yake,
aliyoiwekea akiba kwa shughuli hiyo.

Kisha ufunguo.
Uliletwa na faksi, kwa karatasi ile inayofifia,
herufi ishirini zisizotamkika,
na ya saba: ni sifuri au ni O?
Ya kumi na tatu: nane au B?
Mimi nanyoosha karatasi chini ya taa, Lamara anainama
na kioo cha marehemu mumewe, fundi saa.
"Nane," anasema. "B ina mgongo ulionyooka.
Huyu amenenepa pande zote, kama mimi."

Tukaandika. Enguri ikafikiri.
Leseni hii, ikasema, haijaanza kutumika.

Nodar akaiuliza tarehe.
Ikajibu bila haya: Januari mosi, 1970.

Mwaka huo nilikuwa na miaka mitatu
na baba alikuwa bado anabeba mkate kwapani.
Nilitaka kusema: iache hapo, Nodar,
dakika moja tu.
Lakini vidole vyake vilikwisha kuirudisha miaka yote.

Ikaja nyingine: hii si mashine ninayoijua.
Betri ndani ya chipu ilikuwa imekufa katika giza la Desemba,
ikafa na namba ya utambulisho,
ile ambayo leseni imefungiwa kama pete kwenye kidole kimoja.
Sasa badala ya namba ni F, F, F, F,
mtu anayetetemeka kwa baridi.

Nodar akatoa kisu cha jibini.
Akaichonga chipu mgongoni, taratibu, hadi shaba ikang'aa,
akachomelea nyaya mbili, akafunga kwa utepe
betri mbili za redio ya Lamara.
Namba ya zamani aliichukua chini ya droo,
alikokuwa ameiandika kwa penseli siku ya kwanza.
"Huo si wizi?" nikauliza.
"Ni jina lake," akasema. "Namrudishia."

Saa kumi na dakika arobaini, leseni zikafunguka.
Tukapiga kura kwa njiti za kiberiti. Nikapata ya nne.
Nikauchora ukuta wangu, pembetatu elfu mbili,
nikayaachia maji yauegemee,
rangi nyekundu ikaanza kupanda kutoka kwenye msingi,
pale pale nilipohofia

na umeme ukakatika.

Hakuna aliyelaani. Lamara aliinyosha mkono redio yake,
akakumbuka.
Gizani Enguri ilikuwa inahesabu sekunde,
betri zimefungwa ubavuni.
Katika jengo zima ni yenyewe tu iliyojua ni saa ngapi,
na haikuwa na pa kuisemea.