Waya Isiyo na Kwao

Tumebomoa dari ya chumba cha chini, Milimani, Nakuru,
vumbi likatushukia pamoja na waya:
nyeusi, kijivu, nyeupe ya zamani,
zimesokotana kama nywele za mtoto aliyekataa kichana.

Fundi Odanga akaguna: "Hii ni simu au ni ukoo?"
Akachomoa kalamu sikioni, akakata vipande vya plasta,
tukaanza kuzibatiza.
JIKONI. SEBULENI. CHUMBA CHA BABA,
ile simu ya kufuli kwenye kizungusho,
ufunguo ukilala mfukoni mwake hata Jumapili.

Ikabaki moja, nyembamba, haina kwao.
Imeungwa kwa bandeji ya kidonda,
imepita nyuma ya bomba, imeparamia ukuta
kwa misumari ya viatu.
Tukaivuta polepole. Huko juu kitu kikagonga sakafu,
chini ya kitanda cha dada Jeptum.

Kumbe!
Kile kikohozi cha usiku wa manane,
kile kicheko kilichomezwa na blanketi,
na Baba, kila mwezi, bili mkononi,
akimshtaki mpishi, akimshtaki mjomba,
mwisho akawashtaki panya.

Nikampigia, yuko Eldoret, ana wajukuu.
"Umeipata," akasema. Kimya. Halafu:
"Usimwambie Baba."
Na Baba tulimzika Aprili.

Odanga amejaza gunia, shaba ya kuuza kwa kilo.
Koleo limekaa wazi. "Na hii?"
Ipitishe kwenye bomba la plastiki, nikamwambia,
inyooshe kona, ipigilie vizuri.
"Iende wapi, na simu hakuna?"
Palepale ilipokuwa ikienda.