Mvua ya Wengine

Alfajiri nashuka ngazi za udongo hadi chini ya daraja la Rwambwa,
kalamu sikioni, daftari ndani ya mfuko wa unga,
kwenda kuusoma mto.

Ndiyo kazi yangu. Kuna ubao wa chuma umefungwa kwenye nguzo,
mistari myeusi, namba nyekundu,
nami naandika pale maji yalipogusa.
Jana: mbili nukta moja.
Leo: mbili nukta sita.
Juu, anga li tupu, hakuna hata wingu la kuazima.
Mahindi yamekunja majani kwa kiu.

Mgeni angecheka. Mafuriko gani, na vumbi lote hili?
Lakini Nzoia haunywi mvua yetu.
Unakunywa Cherang'ani,
unakunywa ukungu ulionaswa na mianzi huko juu
ambako watu hulala na makoti,
kisha unateremka ukiita mito mingine kwa majina:
Moiben, Kipkaren, Kuywa atokaye Elgon na baridi yake.
Inaingia mmoja mmoja kama wageni wa matanga,
kila mmoja na mkeka wake, kila mmoja na kilio chake,
mpaka nyumba inashindwa.

Webuye unaruka mwamba kwa kishindo.
Mumias unapita kando ya miwa, umeshakuwa mwekundu.
Ukifika kwetu ardhi imelala chali,
hakuna mteremko wa kuushika mkono,
nao unasahau ulikokuwa ukienda,
unaanza kutafuta pa kukaa.

Kisang simjui kwa sura.
Yuko Kapcherop, shuleni, ana kopo la kupimia mvua
na sauti ya mtu anayetafuna kitu.
"Nasirumbi, leo sabini na mbili."
Nyuma yake nasikia mawe ya mvua yakipiga mabati,
nami nimesimama juani, jasho kisogoni,
nikihesabu kwa vidole: siku tatu. Labda nne.

Aliniuliza mara moja,
maji yetu yakifika huko yana rangi gani?
Nikamwambia: rangi ya shamba lako.
Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.
Mwezi uliofuata akasema amepanda mianzi kando ya kijito,
mistari miwili.
Mmoja umeliwa na mbuzi.

Mwaka ule tuta lilipopasuka usiku
ubao ulimezwa wote, namba na nguzo.
Katika safu ya asubuhi niliandika: *hausomeki*.
Katika safu ya jioni: *hausomeki*.
Siku kumi na moja neno hilohilo, mwandiko wangu ukizidi kuwa mdogo,
nikiwa juu ya dawati, darasani, na familia tisa
na cherehani ya mtu ambaye hakuna aliyemjua.

Maji yalipoondoka tulirudi Magombe kwa mama.
Ukuta wa jikoni una alama zake:
mkaa kwa watoto, tulivyokuwa tukirefuka,
na michirizi ya tope kwa mto, ulivyokuwa ukirefuka.
Ile ya mwisho imempita Odunga, mdogo wangu,
ambaye hakurefuka tena.
Nilileta chokaa. Mama aliitazama ile ndoo
kama mtu anayetazama deni la mwingine,
akaifunika.

Sasa simu inalia tena, na jua bado ni kali.
"Themanini na nane," anasema Kisang,
halafu, polepole: "Samahani."
Namwambia si wewe uliyenyesha.

Naandika. Natuma namba ofisini.
Wanajibu: *Imepokelewa*.

Napita kwa mama, namtajia namba hiyohiyo.
Hajibu kitu. Anaangalia anga, safi, bila doa,
anajifunga kanga kiunoni,
na kuanza kuwapandisha kuku darini.