Daftari la Ulinzi

Kaunta buku, kwaya mbili, jalada limeliwa na mende pembeni.
Mimi ndiye katibu. Mistari nimeichora kwa rula ya mwanangu:
jina, namba ya nyumba, elfu mbili ya ulinzi, sahihi.
Akyoo, amelipa. Mama Ndeshi, amelipa nusu.
Hemedi fundi friji, miezi minne hajalipa,
na kila nikigonga ananiuliza
mwizi ataiba nini kwangu, gesi?

Usiku ule mvua ilinyesha Meru, huko juu, si kwetu.
Sombetini palikuwa pakavu, mbwa wamelala.
Maji hayakupiga hodi. Yalishuka na korongo
yamebeba migomba mizima, tangi la mtu,
banda la kuku na kuku wake ndani,
na mngurumo wa lori la kokoto
linalomwaga bila kumaliza.

Lakini kabla ya mngurumo, filimbi.
Si ile ya saa nane ya kila siku, pii moja ya uvivu,
ya kutuambia niko macho, laleni.
Hii haikuvuta pumzi. Ilipita dirisha kwa dirisha,
na rungu likigonga mabati,
na baina ya pii na pii, sauti inaita watoto wetu
mmoja mmoja, kwa majina.

Tukatoka na khanga, na redio,
na mtu mmoja na sufuria la maharage
ambalo mpaka leo hajui alilibebea nini.
Hemedi akavunja mlango wa Mama Ndeshi kwa bega,
akamtoa mgongoni, bibi akimpiga makofi ya kisogo
akidai viatu vyake vya Jumapili.
Vijana wa bodaboda wakafunga kamba
toka nguzo ya umeme hadi geti la shule
(umeme ulikuwa umekatika; mara hiyo moja tukashukuru),
tukavuka tumeishika kama watoto wa chekechea.

Darasa la tatu B. Nikawasha tochi ya simu, nikafungua daftari.
Kwa mara ya kwanza sikuita pesa.
Akyoo? Nipo. Wako sita? Sita.
Mama Ndeshi? Viatu vyangu! Yupo.
Hemedi akanyoosha mkono, damu inamchuruzika kiwikoni.
Nyumba thelathini na nane, watu mia na sitini na mmoja.
Nikapiga mstari, nikaandika chini yake: WOTE.
Mtu akaanzisha pambio. Chai ikachemka
kwa mbao za dawati lililovunjika.

Alfajiri, mtoto wa Akyoo, ana miaka mitano,
akauliza nani alikuwa anapiga filimbi.

Darasa likanyamaza, tukayasikia maji.
Nikalipekua daftari mbele na nyuma, mpumbavu mimi,
kana kwamba ningemkuta.
Wanaolindwa wameandikwa. Anayelinda
hutolewa kwenye jumla, ukurasa wa mwisho,
chini ya betri za tochi.

Tulimkuta juu ya bati la choo cha Hemedi,
koti zito kwa matope, filimbi bado mdomoni,
meno yamegoma kuiachia.
Tulipomshusha akaitema, akauliza:
Mmehesabiana?
Tumehesabiana.
Mko wote?

Kama yupo awezaye kulijibu hilo, anijibie.

Leo nimechora ukurasa mpya. Hemedi kalipa
miezi minne kwa mkupuo, hakusema neno.
Nikamwomba mzee jina. Miaka sita tunamwita Mlinzi,
watoto wanamwita Babu Pii.
Tluway, akasema. Nikaandika Tuwai.
Akachungulia: T, halafu L, mama, zishikane.
Nikafuta, nikaandika upya. Ulimi wangu haujaliweza bado,
na karatasi pale imechubuka,
ukiinua juani unaona upande wa pili.
Sahihi ameweka.
Safu ya elfu mbili nimeiacha wazi.